Picha ya Kuwashia

Tulimzika mama yake Namsifu Jumamosi iliyopita huko Suji, nyuma ya migomba, hatua chache kutoka alipolala Namsifu mwenyewe. Alikuwa amekula chumvi nyingi, amefia kitandani kwake, na watu walikuwa wanakula makande kwa utulivu ule wa msiba usio na lawama. Mwenye lawama nilikuwa mimi, na hakuna aliyejua. Nilipanda mlima ule na magoti yangu haya mabovu, nikatoa rambirambi, nikakaa jikoni na wanawake kuchambua maharage, na alasiri nikamvuta pembeni Nakunda, mdogo wake Namsifu, naye akaniambia jambo moja. Tangu nimeteremka sijalala vizuri. Sasa nimekaa chini niandike habari za mwaka ule, kwa sababu jambo lenyewe nikilisema peke yake hakuna atakayelielewa.

Mwaka wenyewe ni ule ulioanza na ukame na kuishia na mvua za elinino. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nina cheti cha kupiga chapa na sina pa kukipeleka. Habari za kwetu naziacha; baba alitoka Kigoma kuja kukata mkonge, mkonge ukafa, inatosha. Aliyenipa kazi ni Mzee Elifuraha. Alikuwa karani wa shirika la umma mpaka shirika likauzwa, wao wakapewa kiinua mgongo na kupeana mikono. Wenzake walinunua mashine za kusaga. Yeye akaenda Dar es Salaam, akarudi na kompyuta iliyokwisha kutumika, kioo chake amekipakata safari nzima kama mgonjwa, na Same nzima ikasema mzee wa watu kachanganyikiwa. Akakodi chumba karibu na stendi, akakipaka rangi ya kijani hadi kiunoni na nyeupe kuanzia hapo, akaweka meza mbili, mashine ya fotokopi na benchi la wateja. Nyuma ya benchi palikuwa na pazia la kitenge, na nyuma ya pazia kistoo cha karatasi, jiko la mafuta ya taa na vikombe vyetu. Upepo wa Same unaujua, unaingiza vumbi hata pasipo na tundu, kwa hiyo kompyuta ilifunikwa kitambaa cha kufuma, na kila asubuhi tulikikung'uta nje kabla hatujagusa kitu kingine.

Namsifu ndiye aliyekuwa bingwa wa mashine ile. Alinizidi miaka mitano, mwili wake wa wastani, mashavu yamejaa, na akicheka fundi viatu wa ng'ambo ya barabara alikuwa anainua kichwa. Mzee alimpeleka Moshi mwezi mzima kusomea kompyuta, aliporudi akanifundisha mimi, na alifundisha kwa kejeli. Nikibonyeza pasipo pake ananiuliza kama nimetumwa na watu wa taipureta. Mchana tulikuwa tunapika ugali na mbaazi kule kistoo tukila kwenye sahani moja, huku tunasikiliza wateja wanavyozungumza kwenye benchi, maana pazia halizuii sauti. Tulisikia yote, nani kapunguzwa kazini, nani kauza mabati ya nyumba yake, nani anaandika barua ya tano kudai mafao yake. Barua hizo ndizo zilizotulisha. Namsifu alikuwa akimaliza kuchapa barua ya mtu anamsomea kwa sauti, pole pole, mpaka mwenyewe atikise kichwa kwamba ndiyo, hivyo ndivyo nilivyotaka kusema.

Sasa, kompyuta ile ukiiwasha ilikuwa inatoa maandishi meupe kwenye kioo cheusi, kisha inaleta picha ya mawingu. Mbingu ya buluu, mawingu meupe yamejazana, inakaa nayo kitambo ndipo inafunguka. Wewe fikiria Same, mwezi wa nne, masika yamegoma, mahindi ya tambarare yamekauka yakiwa magotini, na mtu kaja kuchapiwa barua ya kuomba chakula cha msaada. Anakaa, anaonyeshwa mawingu. Na kwa kuwa mabwawa yalikuwa matupu umeme ulikuwa wa mgao, unakatika na kurudi, tukawa tunaiwasha mara nne, mara tano kwa siku. Mzee mmoja wa Makanya alimwambia Namsifu, taratibu tu, kwamba hayo ya kwake kama yananyesha ampelekee. Watu wakacheka, lakini Namsifu hakucheka, na siku hiyohiyo akasema mawingu haya nayatoa.

Mwalimu wake wa Moshi alikuwa amemwonyesha siri. Ile picha ni faili kama mafaili mengine. Ukitengeneza yako kwa vipimo vilevile na kuipa jina lilelile, mashine haina habari, inaleta ya kwako. Akakaa na mausi siku nzima kuchora milima ya Upare kama inavyoonekana ukisimama stendi, na juu yake akaandika KARIBUNI. Tukazima, tukawasha, sisi watatu tumesimama nyuma ya kiti. Milima ikaja imelala. Imetanuka, imebonyea, na KARIBUNI imevutika huku na huku. Mzee akauliza kama hiyo ni Same au ni Dodoma. Ilituchukua wiki kuelewa kwamba mashine inaichukua picha nyembamba na kuivuta kwa upana ijaze kioo. Kwa hiyo unatakiwa kuchora kitu kimebanwa, kirefu na chembamba, ndipo kikiwaka kiwe sawa. Namsifu akaibana milima mpaka ikawa kama vidole, na kesho yake ilipowaka ilikuwa milima yetu hasa. Wateja waliingia kuitazama tu. Ilikuwa furaha kubwa kwa kitu kidogo, na nikihesabu furaha za mwaka ule sipati nyingine ya kuweka karibu nayo.

Alianza kuumwa baada ya Pasaka. Homa inakuja inaondoka. Kisha mkanda wa jeshi ukamtoka ubavuni, na hapo kila mtu akajua, maana siku hizo watu walikuwa wanajua hivyo. Ugonjwa wenyewe haukutajwa. Watu walisema gauni limemzidi, walisema kapungua, walisema Moshi ni mbali, msichana akikaa Moshi mwezi mzima nani anajua. Na dawa hizi ambazo leo watu wanameza na kuendelea na maisha yao hazikuwapo, si kwa watu kama sisi. Wateja wakaanza kusubiri zamu yangu hata kama Namsifu amekaa bure. Na mimi, niseme ukweli, nilianza kuleta kikombe changu kutoka nyumbani. Nilikiweka tu pale kistoo pamoja na vingine. Siku ya pili nikakuta Namsifu amefunga uzi mwekundu kwenye mkono wa kikombe chake, ili nisije nikakosea. Hatukuzungumzia jambo hilo hata siku moja, na sahani moja tukaacha kuila.

Mwezi wa saba Mzee Elifuraha akataka sura yake itokee kwenye kioo, wateja wamjue mwenye ofisi. Akapeleka picha yake Moshi kuingizwa kwenye disketi, na Namsifu naye akampa ya kwake, aliyopiga studio wiki hiyo. Tulianza na ya Mzee. Tulisahau kuibana, akatokea na mashavu mpaka masikioni, akanuna siku mbili na kusema tumrudishie milima. Tukabaki na ya Namsifu. Ilikuwa picha ya mtu aliyekonda, shingo imetoka mishipa, macho yamekuwa makubwa. Nikaibana kama inavyotakiwa, tukawasha, na mashine ikaleta ukweli kama ulivyo. Namsifu akatazama, akaniambia nijaribu kuibana kidogo tu, nusu ya vile. Nikaibana nusu. Tukawasha. Mashine ikaivuta, na kwenye kioo akatokea Namsifu wa Krismasi, mashavu yamejaa, shingo imejaa, blauzi imemkaa. Picha ilikaa vile inavyokaa kisha ikaondoka.

"Hiyo," alisema. "Hiyo ndiyo mimi. Usiiguse tena, Zai."

Basi tukaiacha. Wateja walikuwa wakiiona wanatazamana. Namsifu akawa anakuja asubuhi kabla yangu, anakung'uta kitambaa, anawasha mwenyewe. Umeme ukikatika na kurudi anakimbilia, kama nguvu zinaruhusu, yeye ndiye abonyeze. Nilikuwa namwangalia usoni akiiangalia ile picha. Alikuwa anaitazama bila kujionea huruma, anaikagua tu, kama mtu anayehakikisha kitu chake bado kipo.

Jambo moja tu lilikuwa linamkosesha usingizi, nalo ni mama yake. Mama alikuwa Suji, baba alikwisha kufa, na Namsifu ndiye aliyekuwa fahari ya nyumba, binti wa kompyuta. Tangu Pasaka hakupanda. Alikuwa anatuma salamu na akina mama wanaoteremsha ndizi gulioni, mara kazi nyingi, mara Mzee kasafiri. Aliniambia mama akimwona vile atakufa kabla yake. Alikuwa na mpango, nao ulikuwa mpango wa mgonjwa: anenepe kwanza kidogo, kisha apande. Kila wiki alikuwa anajipima kwenye mizani ya duka la mahindi, na kila wiki anarudi na sura ileile. Nami nikawa mshirika wake katika mpango huo. Mabuyu, uji wa lishe, mayai mabichi, chochote tulichoambiwa tulikileta.

Mwezi wa kumi ulipoanza, mawingu ya kweli yakatanda milimani. Siku ya gulio, saa nne hivi, Namsifu alikuwa amekaa karibu na mlango akiota jua, akainuka ghafla. Alikuwa amemwona mama yake anavuka barabara na kikapu kichwani. Akapita mbele yangu akashika pazia. "Mwambie niko Moshi," akasema, na akaingia kistoo.

Mama akapiga hodi. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba mwanangu, akakaa kwenye benchi, mgongo wake umekaribia kugusa pazia. Alikuwa na ndizi, tangawizi, na sufuria ya makande imefungwa kwa khanga. Amepita chumbani kwa Namsifu, alisema, amekuta kufuli. Nikasema yuko Moshi, mama, amepelekwa kozi nyingine, ya mwezi. Uongo ukanitoka hivi hivi, laini. Mzima? Mzima kabisa. Anakula? Anakula, mama. Akanyamaza. Ukimya ule ulinishinda, nikaona niujaze, nikasema ngoja nikuonyeshe sura yake. Nikaizima mashine, nikaiwasha. Maandishi meupe yakapita, halafu Namsifu akatokea na mashavu yake.

Mama akatazama. Picha ikaondoka, akauliza kaenda wapi, nikamweleza kwamba sasa imefunguka. Akasema iwashe tena. Nikaiwasha tena. Mara hii ilipotokea akaanza kusema naye, kwa Kipare, sauti ya pole lakini imekazwa, uso ameuelekeza kwenye kioo. Kipare nilikijua cha salamu na cha kununulia ndizi, hicho cha kwake sikukielewa. Nilifikiri ni mambo ya wazee, kuzungumza na picha. Kule kistoo kikatoka kikohozi, kimoja, kimezibwa na nguo, nikawahi kuwasha fotokopi ingawa sikuwa na cha kutoa kopi. Mama akangoja mpaka fotokopi ikanyamaza. Akasema iwashe tena. Mara ya tatu picha ikaja ikaenda, na yeye akaendelea kusema hata kioo kilipokuwa hakina sura ya mtu. Kisha akainuka, akaacha kikapu chote, akaniambia makande tuyale leo, yatachacha. Nikamtazama anavyokwenda kwa mwendo wa pole pole kama mtu asiye na haraka ya gari, na nikajipongeza. Niliona nimeifanya vizuri kazi ngumu.

Namsifu hakutoka upesi. Alipotoka macho yalikuwa makavu. Akala makande sahani nzima, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa wiki nyingi. Nikamuuliza mama alikuwa anasema nini. Akasema, ananisalimu tu.

Siku nne baadaye hakuja kazini. Nilimkuta chumbani kwake, amekaa kitandani, amefunga nguo zake kwenye furushi, na viatu vyake vimepangwa mlangoni. Mvua ilikuwa imeanza usiku uliopita, si kubwa, na gari la Suji lilikuwa bado linapanda. Aliniambia, "Zai, nipeleke kwa mama." Nikamwambia angoje mvua ikatike, na apate nguvu kidogo. Nilikuwa na sababu nzuri, barabara inateleza, na yeye hata kusimama ni shida. Lakini sababu ya chini, ile niliyoijua mimi, ni kwamba nilimwambia yule mama machoni kuwa binti yake ni mzima na nikamwonyesha mashavu. Nikimpeleka vile, nitasema nini? Namsifu hakubisha. Alikuwa amezoea kwamba mimi nikisema kitu kwa upole basi nimekwisha kuamua.

Mvua haikukatika. Wote waliokuwapo wanajua mvua ile ilivyokuwa. Ilinyesha kama vile inalipia ukame wote, ikachukua madaraja, ikachukua reli mahali fulani, ikashusha vipande vya mlima barabarani. Gari la Suji likasimama. Namsifu tukamhamishia hospitali, akakaa humo wiki tatu, anatazama dirisha. Mzee Elifuraha alikuwa anakuja kila jioni na chupa ya chai, anakaa nasi mpaka giza. Namsifu alifariki asubuhi moja nikiwa nimetoka kuchota maji. Ujumbe ulipandishwa kwa miguu, na jeneza nalo likapandishwa kwa miguu, kuanzia pale gari lilipokwama. Wanaume wanapokezana, matope magotini, na mara mbili liliteleza tukapiga yowe. Mama yake alikuja kutupokea njiani, chini kabisa ya kijiji, peku. Hakulia. Akaweka bega lake chini ya jeneza pamoja na wanaume, mwanamke wa umri ule, na hakuna aliyethubutu kumzuia.

Niliporudi ofisini niliwasha kompyuta na sura yake ikaja. Nikaiacha mwezi mzima, wateja wakaanza kuikimbia, wakasema ofisi ile inafunguliwa na marehemu, na Mzee akaniomba kwa unyonge niitoe. Nikarudisha mawingu. Hayakumchekesha mtu tena, maana mvua ilikuwa bado inanyesha.

Kwa mama yake nilipanda mara nyingi baada ya hapo, kila mwaka au kila baada ya miaka miwili, na sukari na majani ya chai. Kila nikipanda nilikuwa nimeazimia kumwambia. Nitamwambia nilikudanganya, mama, mwanao alikuwa nyuma ya pazia. Ananikaribisha, ananipa makande, ananiuliza watoto, nashindwa, nateremka. Sasa amekufa, na hilo ndilo lililonipandisha mlima Jumamosi, kwenda kuliambia kaburi. Nikamwambia Nakunda kwanza. Alikuwa mwanafunzi mwaka ule, leo ni mwanamke mwenye mvi kama mimi. Nilimweleza yote, tumesimama kando ya migomba, na nilikuwa natazama chini.

Nakunda akasema, "Dada Zai, mama alijua. Aliona viatu vya dada vinachungulia chini ya pazia. Na kukohoa kwake alikusikia."

Ile picha, alisema, mama hakuijali. Alikuwa anataka niendelee kuwasha na kuzima tu, apate sababu ya kukaa pale. Alipoona binti yake hataki kuonekana, hakutaka kumwaibisha kwa kufunua pazia. Akasema naye hivyohivyo, kupitia kioo. Nikamuuliza Nakunda kama anajua alisema nini. Anajua, mama aliyarudia maneno hayo mpaka siku za mwisho, na Nakunda akanigeuzia kwa Kiswahili taratibu, kama Namsifu alivyokuwa anawasomea wateja barua zao.

"Kitanda chako kiko palepale dirishani, nimekitandika. Ulivyo ndivyo nakutaka. Kama huna nguvu ya kupanda mlima, mwambie huyo mwenzako akulete mpaka mwisho wa gari, hapo nitakupokea mimi. Nimekubeba ukiwa mdogo, nitakubeba."

Namsifu aliyasikia yote hayo, amekaa juu ya katoni za karatasi, nami nimewasha fotokopi. Akala makande yake, akanyamaza siku tatu, siku ya nne akafunga furushi, akapanga viatu mlangoni, akaniambia nimpeleke kwa mama. Nikamwambia angoje mvua ikatike.